NGUVU ZETU NI MALI YETU
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, kabla ya mashindano ya wenye nguvu)



Tumeombwa tuseme habari za mashindano ya wenye nguvu, kwa kuwa vijana wetu wachukuzi wamekwisha andikisha majina, na kila jioni twawaona nyuma ya ghala wakipindua tairi kuukuu la lori. Sisi tuliowahi kushindana, na sasa twafundisha wengine, twafurahi sana. Lakini yako mambo ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

Kwanza, mchezo wenyewe. Kushindana kwa uzito ni desturi ya zamani. Huko Uskoti yako mawe mawili ambayo uzito wake pamoja ni kilo 332, nayo husimuliwa kwamba mwaka 1860 Donald Dinnie aliyabeba akavuka daraja la Potarch. Mashindano ya kumtafuta mtu mwenye nguvu kupita wote duniani yalianza mwaka 1977 huko California, Marekani. Wala asidhani mtu kwamba mchezo huu ni wa Wazungu peke yao. Mwaka 2021, mjini Glasgow, Mwafrika mwenzetu wa Burkina Faso, aitwaye Iron Biby, aliinua gogo la kilo 229 juu ya kichwa chake akavunja rekodi ya dunia.

Pili, mazoezi. Hatuhitaji vyombo vya fedha nyingi. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa mchanga mkavu hufika karibu kilo 30. Chukua mbili, moja kila mkono, utembee hatua hamsini bila kuziweka chini: hilo ndilo zoezi la kwanza. Gunia la mchanga latosha mahali pa jiwe la mviringo. Tairi la lori tunalo tayari.

Fanyeni siku tatu kwa juma, na kati ya siku hizo mpumzike. Ongezeni uzito kidogo kidogo. Mgongo uwe umenyoka, mzigo uwe karibu na mwili, na nguvu itoke miguuni. Tairi lisukumeni kwa kifua na miguu. Anayelivuta kwa kukunja mikono hukata msuli wa mkono, na msuli huo haushoneki kwa mate. Kuleni vizuri, lalen mapema. Na yule aliyepakua magunia tangu asubuhi mpaka jioni, siku hiyo amekwisha fanya mazoezi yake. Aende nyumbani.

Tatu, hatari. Katika mashindano yale ya 1977, Franco Columbu, mtu mashuhuri kwa mwili wake, alikimbia na friji mgongoni, akaanguka na goti lake likateguka mbele ya watu wote. Jón Páll Sigmarsson wa Aislandi alishinda mashindano ya dunia mara nne. Mwaka 1993 alikufa mazoezini akiinua chuma, naye alikuwa na miaka 32 tu. Hatusemi haya ili kuwatisha. Twasema ili kila aliyejiandikisha aende kwanza kwa daktari apimwe moyo na damu, na aulizwe kama ana ngiri.

Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta hasa. Baada ya mashindano yaliyopita, mwenzetu mmoja alisifiwa kwa kubeba jiwe la kilo 120. Jumatatu nyapara akamwambia: "Wewe jana ulibeba kilo 120, leo wataka msaidizi kwa kilo 90?" Watu wakacheka, naye akaona haya. Akabeba peke yake juu ya ubao uliolowa. Mgongo ukaharibika, akalala nyumbani majuma saba. Naye alilipwa kwa siku, kwa hiyo majuma saba hayo watoto wake walikula kwa mchango wetu.

Ndugu, jiwe la mashindano na gunia la kazini si kitu kimoja. Jiwe unalibeba kwa muda wa dakika moja hivi, juu ya ardhi kavu, ukiwa umepumzika, na mwamuzi yuko karibu. Ukichoka unaliacha lianguke na hakuna wa kukukata mshahara. Gunia lina ndugu zake mia wanaolifuata nyuma. Ndiyo sababu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 127, usemao kwamba mfanya kazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba mzigo ambao uzito wake waweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo lililofuatana na Mkataba huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Hawakutaja kilo za mshindi wa kikombe.

Tena jueni sheria yetu. Sheria ya Fidia ya Ajali za Kazini ya mwaka 2007 yamlinda mtu aliyeumia kazini. Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, na madai yako yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Lakini ukiumia Jumapili uwanjani, hiyo si ajali ya kazi. Anayeumia mchezoni kisha akasema ameumia kazini ataharibu madai ya wenzake wa kweli.

Basi twaomba mambo matatu. Halmashauri iweke mtu wa huduma ya kwanza na gari tayari siku ya mashindano. Asishindane mtu ambaye hajapimwa. Na nyapara akimtajia mwanachama yeyote kilo zake za Jumapili, mwanachama huyo asibishane peke yake, amwite mjumbe wa chama. Nasi tulio karibu tuweke mizigo chini mpaka msaidizi apatikane. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenye nguvu tunayemtaka ni yule atakayekuwa bado aweza kumwinua mjukuu wake. Njoni wote uwanjani, mje na watoto, mpige makofi. Na Jumatatu, mzigo wa watu wawili ubebwe na watu wawili.