SHERIA IKIPITA, NANI ANATULETEA HABARI?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa skuli, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu katika ukumbi huu, nilikuwa nimeitwa kueleza kwa nini taa ya dahalia ilikuwa ikiwaka saa sita za usiku. Maelezo yangu siku ile hayakukubaliwa. Leo natumaini mtanisikiliza kwa huruma zaidi.

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Kusema kweli, kazi yangu haina hadithi nyingi. Mimi ni mtumishi wa serikali tangu nilipomaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kupokea karatasi na kuzipeleka mbele. Lakini kwa miaka kadhaa nilipewa kazi ya kufuatana na viongozi katika mikutano ya shehia na kuandika yanayosemwa. Katika mikutano hiyo Mwakilishi wa jimbo huja kuwaeleza watu mambo mawili: sheria zilizopitishwa, na habari za pale pale mtaani. Ni juu ya jambo hilo nataka kuzungumza. Siasa za vyama sitazigusa, maana mwajiri wangu hapendi, na wala si haja yetu leo.

Nyinyi vijana yafaa kwanza mfahamu kwamba kila jimbo hapa Zanzibar lina watunga sheria wawili. Mbunge anakwenda Dodoma, Mwakilishi anakwenda Chukwani. Wengi wetu tunawachanganya, tukamwuliza huyu jambo la yule. Tofauti yao mnaweza kuiona bila kutoka katika ua wa skuli hii. Mwalimu anayekufundisheni hesabu ameajiriwa na Wizara ya Elimu ya Zanzibar, kwa sababu elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Lakini karatasi ya mtihani wa Kidato cha Nne inatoka Baraza la Mitihani la Tanzania, na Baraza hilo limo katika orodha ya mambo ya Muungano. Basi mwalimu akikosekana, muulizeni Mwakilishi. Mtihani ukiwa mgumu, msimuulize mtu yeyote, someni.

Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980. Kabla ya hapo, tangu Mapinduzi ya 1964, sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi lenyewe. Leo mswada hutangazwa katika Gazeti Rasmi, ukasomwa kwa mara ya kwanza, ukapelekwa katika kamati, ukarudi kujadiliwa, ukapitiwa kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya tatu, kisha ukapelekwa kwa Rais wa Zanzibar kutiwa saini. Hatua hizo nilifundishwa chuoni na nilizijibu vizuri katika mtihani. Hatua moja sikufundishwa, nayo ni safari ya sheria kutoka Chukwani mpaka barzani kwetu. Hiyo haina kifungu wala tarehe, na ndiyo iliyotuumiza.

Nitakupeni mfano mmoja, na aliyekosea ndani yake ni mimi.

Mwaka 1985 Baraza lilipitisha sheria iliyosema kwamba mwanamke asiye na mume akipata mimba, anaweza kufungwa. Kifungo chake kilifika miaka miwili. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka vyema. Iliingia katika mazungumzo ya kila nyumba, hata mtoto wa madrasa aliijua. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa, ikatungwa nyingine mahali pake. Kifungo kikaondolewa kwa wanawake hao, kikawekwa badala yake kazi za jamii. Habari hiyo iliandikwa magazetini. Mimi wakati ule nilikuwa Dar es Salaam, mwanafunzi, na tuliijadili bwenini mpaka usiku, kila mmoja akijifanya wakili.

Mwaka uliofuata nilirudi kijijini likizo ndefu. Kijiji chetu kiko upande wa mashariki wa Unguja, pwani ya mwani na majongoo. Nyumba ya pili kutoka kwetu kulikuwa na msichana wa miaka 17, mwerevu, ambaye alikuwa akija kwa mama kuazima vitabu vyangu vya zamani. Likizo ile hakuja. Nilipouliza, mama aliinamisha kichwa. Msichana alikuwa mja mzito, na wazazi wake walikuwa wanatafuta njia ya kumvusha kwenda Bara kwa jamaa zao kabla sheha hajapata habari. Kituo cha afya hakupelekwa hata mara moja, kwa kuwa walihofia mkunga ataandika jina lake, na jina litafika polisi. Baada ya siku nne alivushwa kwa mashua usiku.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimesoma kwa macho yangu kwamba kifungo kimeondolewa. Ningevuka uwanja wa hatua 40 nikamwambia baba yake, "Mzee, jela ile haipo tena." Sikuvuka. Nilijiambia kwamba wazee lazima wanajua, na tena kwamba kijana hazungumzi mambo kama hayo mbele ya watu wazima. Nikakaa barazani nikasoma riwaya. Yule mtoto wa watu alikimbizwa jela ambayo haikuwapo.

Sasa niruke miaka 13. Mwaka 2019 nilikuwa na daftari langu katika mkutano wa shehia yetu, chini ya mwembe ulio karibu na kisima. Mwakilishi alikuja kutoa taarifa. Watu walikuwa wengi, lakini msidhani walifuata sheria, walifuata pampu. Kisima kilikuwa kimeharibika wiki ya tatu, na kinamama waliotoka kwenye mwani walikaa mbele kabisa na ndoo zao tupu, makusudi zionekane. Mwakilishi alikuwa mtu mzima mwenye kujua watu wake. Alianza na pampu: nani ameagizwa kuitengeneza, siku gani atafika, na nani wa kulaumiwa asipofika. Alipoona nyuso zimelainika, ndipo alipofungua karatasi yake.

Alieleza Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017, kwamba mke au mume aliyechangia kuchuma mali ndani ya ndoa anaweza kupeleka dai la mgao wake mbele ya Kadhi, akithibitisha mchango wake. Hapo kinamama wa mwani waliacha kuongea na wakasogea. Akaeleza Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, kwamba asiye na uwezo wa kumlipa wakili ana njia ya kupata msaada, na wasaidizi wa sheria wametambuliwa kisheria. Kila alipomaliza moja aliuliza, "Nani atanirudishia nilivyosema?" Mtu husimama akarudia, na akikosea, anasahihishwa.

Katika maswali, mzee mmoja alisimama akalalamika juu ya mwanafunzi wa skuli ya jirani aliyepata mimba. Akauliza kwa nini asifungwe kama sheria inavyosema. Mwakilishi akajibu kwa upole kwamba kifungo hicho kiliondolewa zamani, na kwamba tangu 2010 Zanzibar ina utaratibu wa kumrudisha skuli msichana baada ya kujifungua. (Nyongeza yangu: wenzetu wa Bara walitangaziwa jambo kama hilo Novemba 2021, kwa kuwa elimu ya ngazi hiyo si ya Muungano, kila upande ulikwenda kwa mwendo wake.)

Mzee alikaa. Nyuma ya kinamama akasimama mwanamke mmoja, amejitanda kanga, akauliza swali fupi: "Kiliondolewa mwaka gani?"

Mwakilishi akasema, "Elfu mbili na tano."

Alisimama kidogo, kama mtu anayefanya hesabu, kisha akakaa bila kuongeza neno. Nilimtambua. Alikuwa amerudi kijijini miaka mingi baadae, na mwanawe, na kazi ya mwani. Skuli hakurudi tena. Kwenye daftari langu la serikali niliandika, "Swali: mwaka wa kufutwa. Jibu: 2005." Ndivyo taarifa inavyosoma mpaka leo, na hakuna atakayeiona akajua yaliyomo ndani yake.

Mkutano ulipovunjika nilimfuata, nikamwambia ukweli kwamba mwaka ule nilikuwa najua. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Basi kaka, ungetwambia."

Maneno hayo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Yaliyobaki ni maelezo.

Nimeona viongozi wa namna mbili wanaotoa taarifa. Wa kwanza husoma majina ya sheria na namba zake kama anayeita mahudhurio, watu wakapiga makofi na wakaondoka kama walivyokuja. Wa pili hueleza mambo matatu kwa kila sheria: nini kilikuwapo kabla, nini kimebadilika nyumbani kwako, na uende kwa nani ikiwa hukutendewa hivyo. Tena husema wazi sheria iliyokufa kwamba imekufa. Hili la mwisho mara nyingi tunalisahau. Sheria mpya hutangazwa kwa ngoma. Ya zamani hufutwa kimya kimya, na watu wakaendelea kuiogopa miaka 14.

Lakini si haki kumtwika Mwakilishi mzigo wote. Yeye ni mmoja na shehia zake ni nyingi. Mijadala ya Baraza ni ya Kiswahili, lakini sheria nyingi nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi wa kijijini kwetu hawezi kulaumiwa kwa kutozisoma. Wanaoweza kuzisoma ni sisi tuliokaa katika madarasa haya, na nyinyi mnaokaa humo sasa. Wazazi wetu walilipa kwa mwani, kwa karafuu na kwa samaki ili sisi tuijue lugha hiyo. Tukiishia kujibia mitihani tu, tumewadhulumu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Katika bahasha hii kuna nakala za sheria tano kwa ajili ya maktaba ya skuli: Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, Sheria ya Mtoto ya 2011, Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya ya 2023. Namwomba Mwalimu Mkuu azikubali. Na nawaomba wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne waichukue moja kila muhula, waiandike kwa Kiswahili chepesi ukurasa mmoja, maalim wa Kiswahili aisahihishe, na mwenzetu mwanasheria, ambaye yupo ukumbini na hakujua kuwa nitamtaja, aipitie isiwe na makosa. Karatasi hiyo ibandikwe hapa skuli na nyingine apelekewe sheha.

Wenzangu wa zamani, sisi tuna barza zetu. Kila jioni tunakaa tukizungumza mpira na bei ya samaki. Si vibaya. Lakini ukiwa na habari ya sheria inayomhusu jirani, usidhani anaijua. Usingoje kuulizwa. Vuka uwanja ukamwambie, hata kama ni mzee kuliko wewe, kwa adabu yake na salamu zake. Afadhali akwambie, "Hilo nalijua, mwanangu," ukarudi nyumbani umeona haya kidogo. Haya ya namna hiyo huisha usiku mmoja.

Pampu ya kisima, kama mnataka kujua, ilitengenezwa siku ya sita. Mwakilishi alikuwa amesema ya nne.