Vifaranga vya sato vilimani
Gitega na Muyinga, nchini Burundi, ziko karibu mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko ndiyo inayoamua biashara ya vifaranga vya sato. Sato huzaana vizuri maji yakifika nyuzijoto 25 hivi. Yakishuka chini ya 20, huacha. Kwa hiyo bwawa lililo juani hulishinda lile linalopitiwa na kijito kutwa. Jike huatamia mayai mdomoni, na makinda wakishtuka hukimbilia humo humo. Samaki huyu huzaa angali mdogo: kero kwa mfugaji wa kitoweo, mtaji kwa muuza vifaranga. Hasara huja njiani, kwani vifaranga walioshiba huchafua maji ya mfuko wanamobebwa. Hivyo hunyimwa chakula siku moja kabla ya kusafirishwa.