Kabla ya Kumwaga Chang'aa

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa vikundi)



Kwamba pombe inakula karo ya shule mnajua kutushinda sisi. Leo tuna swali lingine: huyu mtu anakunywa kwa nini?

Mwaka 1994 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, M. Lynne Cooper, alichunguza vijana akapanga sababu zao kwa mafungu manne. Kuna anayekunywa ili kuchangamkia wenzake. Kuna anayetafuta ile raha yenyewe. Kuna anayeogopa kuchekwa na rika. Na kuna anayetaka kusahau: deni, msiba, shamba lililokauka. Huyu wa mwisho tumwangalie sana, maana ndiye pombe humletea shida zaidi, hata akinywa sawa na wengine.

Sasa mtauliza, si kuna dawa? Iko, inaitwa naltreksoni. Mwaka 1992 Joseph Volpicelli na wenzake, huko Philadelphia, walitoa habari za wanaume 70 walioshikwa na pombe. Kwa wiki 12 wengine walimeza dawa, wengine vidonge vitupu, na wote walikuwa wakipewa ushauri. Katika wale wa vidonge vitupu, 20 walionja pombe, na 19 wakarudia ulevi. Wa dawa walioonja ni 16, wakarudia 8. Mnaona? Dawa haikuwafunga mdomo. Inazuia ile raha pombe inayoamsha kichwani, ili glasi ya kwanza isivute ya pili. Lakini nusu walirudia, tusidanganyane.

Na yule wa deni, akimeza kidonge deni bado liko palepale. Hapo daktari hana la kufanya, lakini kikundi kinalo. Si mnajua nani amefiwa, nani anadaiwa? Mkimtembelea kabla jua halijazama, saa ile miguu inaanza kuelekea kilabuni, hiyo ni kazi kubwa.

Jambo moja la hatari. Mtu wa kunywa kila siku msimfungie nyumbani eti aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali. Na kama anatumia dawa kali za maumivu, daktari aambiwe mapema, maana nyingine hazipatani na naltreksoni.

Haya, maswali. Mama wa pale nyuma, tumeona mkono wako.