Ushahidi wa Joto: Kuzitambua Plastiki na Kuchunguza Sababu za Kuvunjika Kwake



Bomba la maji lililofukiwa ardhini likipasuka kabla ya kutimiza umri wake, lawama aghalabu humwangukia fundi aliyelilaza, kisha mwenye duka aliyeliuza, na mwisho plastiki yenyewe, ambayo wengi wamezoea kuihukumu kuwa ni kitu hafifu kwa maumbile. Nia yangu jioni hii ni kuitetea njia nyingine ya kufikia hukumu, nayo ni kuipasha plastiki moto kidogo kidogo na kuyapima majibu yake. Kwani kila plastiki huhifadhi ndani yake habari za joto lililoipitia tangu ilipotoka kiwandani, na habari hizo husomwa mara moja tu, zikafutika.

Elimu hii si changa. Mwaka 1887 Mfaransa Henry Le Chatelier aliupasha moto udongo wa mfinyanzi akinakili mwendo wa joto lake; mwaka 1915 Kotaro Honda wa Japani akaeleza mizani ipimayo uzito wa kitu kingali tanurini; na mwaka 1962 Watson na O'Neill, huko Marekani, wakabuni ala ambayo hadi leo ndiyo tegemeo letu. Ala hiyo ina visahani viwili vidogo vya alumini, kimoja kitupu, na kimoja chenye kipande cha plastiki cha miligramu 5 hadi 10 kilichokatwa kwa wembe. Vyote viwili hupashwa moto sawia, mathalan nyuzi 10 kwa kila dakika, na ala hupima ni joto gani la ziada linalotakiwa ili kile chenye plastiki kisibaki nyuma ya mwenziwe. Fuwele za plastiki zinapoyeyuka hunywa joto kwa wingi, na mstari uliokuwa ukienda sawasawa huzama ukafanya bonde.

Bonde hilo lina mahali pake maalumu. Polithini nzito, ndiyo hiyo ya mabomba meusi ya maji, huyeyuka kwenye nyuzi 130 au karibu yake, na poliprofilini karibu na 165. Kwa hiyo bomba linalodaiwa kuwa ni polithini tupu, likionyesha kibonde cha pili kwenye nyuzi 160 na ushei, limechanganywa na kisichokuwa chake, na vitu viwili hivyo havishikamani vema hata vikiyeyushwa pamoja. Nailoni ya namna ya 6 na ile ya 66 zimefanana mno hata vipimo vya mwanga vyatatizika kuzitenga, ilhali ya kwanza huyeyuka karibu na nyuzi 220 na ya pili karibu na 260. Na tangi la rejeta lililoagizwa kwa nailoni ya 66 likaletwa la nailoni ya 6 hujulikana kabla ya saa moja kupita. Zipo pia plastiki zisizo na fuwele, kama polistairini angavu, ambayo haiyeyuki kwa ghafla, illa hulegea ifikapo nyuzi 100 hivi.

Lakini kujua jina la plastiki si kujua kisa chake, na hapa ndipo napenda kukaa. Plastiki yenye fuwele ikidumu katika joto lisilotosha kuiyeyusha, baadhi ya fuwele zake hujipanga upya, na ukiipasha moto katika ala utaona kibonde kidogo, nyuzi chache tu juu ya joto ilimoishi. Mwenye nyumba akishikilia kwamba maji ya moto katika bomba lake hayakupata kuzidi nyuzi 60, na kibonde kikajitokeza kwenye nyuzi 90, basi bomba lenyewe limemkadhibisha. Mkiiyeyusha plastiki hiyo, mkaipoza na kuipasha moto mara ya pili, kibonde hakionekani tena. Mmebaki na maumbile ya plastiki, na kisa kimepotea. Nasikitika kwamba watafiti wengi, kwa kupenda mstari safi, huitupa karatasi ya mara ya kwanza.

Kuna na kipimo cha kinga. Polithini hutiwa dawa ya kuizuia isiliwe na oksijeni, na kanuni ya kimataifa ya mabomba ya maji, ISO 4427, yaitaka istahimili dakika zisizopungua 20 katika oksijeni yenye nyuzi 200. Ukichuna utando mwembamba kwenye ukuta wa ndani wa bomba lililopasuka, na mwingine katikati ya unene wake, na ule wa katikati ukastahimili ilhali wa ndani umeshindwa mara moja, dawa ilikuwamo tangu mwanzo, ikamalizwa na klorini ya kusafishia maji. Na hapo fundi na kiwanda wote wawili hawana hatia.

Mizani ya tanurini, kwa upande wake, hufichua kilichoongezwa. Chokaa iliyotiwa katika mabomba ya PVC hutoa hewa ya ukaa kati ya nyuzi 600 na 800, ikapoteza asilimia 44 ya uzito wake; uzito wa bomba ukipungua hapo kwa asilimia 11, basi robo nzima ya bomba ilikuwa chokaa. Katika polithini tunachoma kwanza ndani ya naitrojeni, kisha tunaingiza hewa ili masizi yaliyochanganywa humo yaungue peke yake: yakiwa chini ya asilimia 2, bomba hilo halina kinga ya kutosha dhidi ya jua letu la pwani.

Kwa mintarafu hiyo nawaomba wahandisi wa maji waliomo humu: bomba likipasuka, msilisugue, msilikaushe kwa moto, wala msizikutanishe kingo za ufa ili kuona kama zinaingiana. Kateni kipande chenye ufa, na kingine kizima cha bomba lilelile, mita moja au mbili kutoka hapo, mviandike alama ya upande uliokuwa juu, mtuletee vyote viwili.