Vumbi Katika Wingu la Orion



Niliombwa niseme juu ya mafanikio. Nami, kwa kuwa ni mtu wa ilimu ya falaki na mafanikio yangu ni haba, nawataka radhi nizungumze juu ya vumbi.

Katika pwani yetu, katikati ya Desemba, yapata saa sita usiku, kundi la nyota la Orion, ambalo Waarabu hulitaja kwa jina la al-Jabbar, hufika karibu na utosi wa mbingu. Na kando ya zile nyota tatu za mshipi wake jicho tupu huona doa la ukungu, ambalo kwa yakini ni wingu la gesi lililo mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 1,300. Ndani yake zimo nyota changa zenye joto kali, na iliyo kubwa kuliko zote humwaga miale ya urujuanimno yenye nguvu ya kuzipokonya atomu za haidrojeni elektroni zao. Na elektroni zirejeapo, ndipo wingu hung'aa.

Mwaka 1939 Bengt Strömgren wa Denmark alikadiria upana wa mawingu ya namna hii kwa hesabu ya haidrojeni tupu, hesabu nzuri ajabu, ila ilipasa waliomfuata, miongoni mwao Petrosian, Silk na Field mwaka 1972, walitie vumbi ndani yake. Kwa uzito vumbi hilo ni kama sehemu moja tu katika mia ya gesi, chembe za mawe na kaboni zilizo ndogo mfano wa moshi. Lakini hunyakua miale kabla haijazifikia atomu, hata wingu likawa dogo kuliko lilivyostahili. Wala mwizi huyu hafichi alichoiba, maana akiisha kupata joto huirudisha ile nguvu kwa miale isiyoonekana kwa macho, ambayo darubini ya angani IRAS ilianza kuipima mwaka 1983. Tena nuru hulisukuma vumbi, na vumbi huikokota gesi, hata karibu na nyota pakabaki uwazi. Na chuma kilichomo winguni? Kingi kimejificha chembeni, na apimaye gesi peke yake hudhani hakipo.

Desemba hii, kelele za sherehe zikiisha, tokeni nje mtazame juu. Kwa darubini, hata iliyo ndogo, mtaona ndani ya ule mng'ao pengo jeusi lililochongeka kama mdomo wa samaki. Si tundu lile. Ni vumbi, limesimama mbele ya nuru.