Shahada ya Uchumi Huanzia Kwenye Daftari la Hisabati

(Mada kwa wazazi na wanafunzi wa Kata ya Vihingo)



Mkulima wa korosho aliyebanwa na ugonjwa au sare za watoto huuza mazao yake kabla ya msimu, kwa kangomba. Mnunuzi hapimi kwa mizani, na bei yake huwa ya kuumiza. Mkulima huyo si mjinga. Fedha aliihitaji leo, nayo ya mnada wa ushirika huja baadaye. Kwa nini fedha ya leo ikawa ghali kiasi hicho, na ni mkopo wa namna gani ungemwokoa? Hayo ni maswali ya mwanauchumi. Uchumi ni elimu ya namna watu wanavyochagua pale mahitaji yanapokuwa mengi na mali ikawa chache.

Shahada ya kwanza ya fani hii husomwa kwa miaka mitatu katika vyuo kama Dar es Salaam, Dodoma na Mzumbe. Hayati Profesa Benno Ndulu, aliyepata kuifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 2008 hadi 2018. Wahitimu wengine ni wachumi wa halmashauri, wale wanaoandaa mipango na bajeti za zahanati, visima na barabara za vijiji.

Wanafunzi wengi hufika chuoni wakitazamia hotuba juu ya maendeleo, wakakutana na milinganyo, grafu na takwimu. Mlango huo haufungwi chuoni. Hufungwa kidato cha pili, pale mtoto anapoambiwa kwamba Hisabati si ya kila mtu, akaiacha. Tahasusi ya EGM hubeba Uchumi, Jiografia na Hisabati. Anayechagua HGE asome kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, kwa maana programu nyingi za uchumi hudai kiwango fulani cha Hisabati. Samaki mkunje angali mbichi.

Gharama nazo zina njia yake. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Kwa chuo kikuu ipo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hutolewa kwa kuzingatia uhitaji, nao si zawadi: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Hapa ndipo kijana mwenye ufaulu mzuri anapoweza kupoteza mwaka mzima. Mwombaji hudaiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Familia inayoanza kutafuta karatasi hizo baada ya dirisha la maombi kufunguliwa hukimbizana na siku, na dirisha halimngoji mtu.

Basi mzazi mwenye mtoto wa sekondari afanye mambo mawili. Alifungue daftari la Hisabati la mwanawe na kumwuliza mwalimu pale palipo na mkwamo. Kisha aende kwa mtendaji wa kijiji kuuliza utaratibu wa cheti cha kuzaliwa, mtoto angali kidato cha kwanza.