Ng'ombe wa Nyama kwa Malisho ya Ituri: Asili, Sifa na Uchaguzi wa Fahali

Mada kwa semina ya wafugaji, Bunia

Utangulizi

Soko la nyama tunalo mlangoni: mji wa Bunia wenyewe na machimbo ya dhahabu ya upande wa Mongbwalu. Kwa hiyo wengi wetu tunatamani fahali mkubwa kutoka nje. Hoja ya mada hii ni kwamba mfugaji atazame kwanza magonjwa na nyasi za mahali atakapoishi fahali huyo, ndipo aulize uzito wake.

1. Ng'ombe tulio nao

Kaskazini mwa jimbo, kuanzia Aru na Mahagi hadi Djugu, tunafuga Lugware. Huyu ni zebu mdogo mwenye pembe fupi na nundu juu ya mabega. Asili ya zebu wote ni Bara Hindi, na walifika Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Lugware hana kilo nyingi, lakini huishi kwa nyasi kavu, hutembea mbali na huzaa bila msaada. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Nioka, kilichokuwa cha taasisi ya INEAC wakati wa Wabelgiji na sasa ni cha INERA, kilimfanyia kazi ya kuchagua mbegu bora.

Kusini, upande wa Irumu, wapo Ankole wenye pembe ndefu. Hao ni wa kundi la Sanga, lililotokana na ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu kuchanganyika na zebu. Ndugu zao wako Uganda, Rwanda, Burundi na Karagwe nchini Tanzania. Pembe zao husaidia kupoza damu wakati wa joto, na nyama yao haina mafuta mengi. Kasoro yao ni kukua polepole: mtamba huchelewa kuzaa, na dume huchukua miaka kufikia uzito wa kuuzwa.

2. Ng'ombe wa Ulaya

Hereford, mwekundu mwenye uso mweupe, ametoka Herefordshire nchini Uingereza, na kitabu cha ukoo wake kilifunguliwa mwaka 1846. Aberdeen Angus, mweusi asiye na pembe, ni wa Scotland. Kitabu chake ni cha mwaka 1862, na nyama yake husifiwa kwa ulaini. Charolais mweupe wa Ufaransa ana misuli mikubwa, na fahali wake huzidi kilo 1,000.

Uzito huo una masharti. Wanyama hao walichaguliwa katika nchi za baridi zenye nyasi tele na nafaka. Huku kwetu kuna kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa ambao ndama wetu wanaosalimika huupatia kinga tangu utotoni. Mgeni aliyekomaa hana kinga hiyo, na mara nyingi hufa asipotibiwa mapema. Tukishuka bonde la Semliki au kuelekea msitu wa Mambasa, mbung'o nao wanaeneza nagana. Vilevile, fahali mzito akipanda Lugware mdogo, ndama anaweza kuwa mkubwa kupita nyonga ya mama yake, tukawapoteza wote wawili.

3. Boran, jirani wa kuaminika

Boran ni zebu wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wenye ranchi wa Kenya walimchagua kwa miaka mingi hadi akawa ng'ombe wa nyama kamili, na chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1951. Ni mpole, hupenda kukaa na kundi, hustahimili joto na ukame, na jike lake hulea ndama vizuri. Hata hivyo ni mkubwa kuliko Lugware, na naye anahitaji kuogeshwa dhidi ya kupe. Damu yake iende kwa majike makubwa, katika zizi lenye dawa na maji ya uhakika.

4. Kuchanganya damu kwa mpango

Uzao wa kwanza wa chotara hukua haraka na huwa na nguvu, kwa sababu damu mbili zisizo na udugu zimekutana. Madume ya uzao huo yauzwe kwa nyama, yasiachwe kupanda ovyo. Fahali yeyote, wa kienyeji au wa nje, aondoke kundini kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Kwa kawaida hiyo ni baada ya miaka miwili au mitatu. Wafugaji jirani wanaweza kubadilishana mafahali, na gharama ikawa ndogo.

Kuchanganya damu kwa mpango kuna uzito wa pekee kwetu. Vita vya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, vilisababisha mifugo mingi kuporwa na wenyewe kukimbia. Makundi yaliyobaki ndiyo mbegu yetu. Tukiyafuta kwa damu ngeni, hatuna pa kuirudisha.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila kijiji kitenge majike bora ya Lugware au Ankole yanayopandwa na fahali wa damu yao tu. Pili, majosho yafufuliwe kabla ya kununua fahali wa nje. Tatu, kila mfugaji aandike tarehe ya kuzaliwa kwa ndama, mama yake na baba yake. Nne, dume la kienyeji linalokua upesi lisiwe la kwanza kupelekwa machinjioni, liachwe lizae. Ndugu zangu, tuanze na hilo la nne msimu huu, kwa kuwa halihitaji fedha wala kibali cha mtu yeyote.